Mikono yote miwili iko kwenye msumeno, wewe unashikwa na nani?

BARUA

Shikamoo mzee,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Tanga mjini ila kwetu ni Pangani. Babu yangu alikuwa mkwezi wa minazi, baba naye mkwezi, na mimi nilianza kukwea nikiwa darasa la tano. Mpaka leo mnazi mrefu naupanda na kushuka kabla chai haijapoa.

Miaka minne iliyopita niliona ukwezi haunilipi tena, nikaingia kazi ya kukata miti majumbani. Aliyenichukua ni jamaa mwenye chensoo mbili. Yeye anatafuta wateja, mimi napanda, na kuna dogo mmoja anabaki chini kuvuta matawi. Tunalipwa kwa mti.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunapunguza mkungu upande wa Raskazone. Nilikuwa nimesimama kwenye tagaa, juu kama ghorofa ya pili na nusu, nimejifunga kamba ya katani kiunoni na kuizungusha kwenye shina. Msumeno nilikuwa nao mkono wa kulia, mkono wa kushoto nimeshika tawi. Nikawa nakata kitawi kilichokuwa usawa wa kifua. Ncha ya msumeno ikagusa tawi jingine lililokuwa nyuma yake, sikuwa nimeliona. Mzee, ile mashine iliruka kama kuku aliyekanyagwa. Ikapita karibu na bega langu, ikashuka, ikaila kamba. Nilipoangalia, kamba ilikuwa imekatika nusu, nyuzi zimefumuka kama ndevu za hindi. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonishika.

Nilishuka. Niliwekewa chai nikashindwa kuibeba, kikombe kinagonga meno. Nyumbani sikumwambia mke wangu kitu, lakini aliiona ile kamba kwenye mfuko. Hakusema neno. Aliichukua akaitundika kwenye msumari juu ya mlango wa chumba chetu, na iko pale mpaka leo. Kila asubuhi napita chini yake.

Sasa kuna kazi nyingine. Ni mwembe dodo wa zamani, mkubwa sana, uani kwa mama mmoja mwalimu mstaafu. Matawi yamelalia paa la bati na upande wa barabarani yameingia kwenye waya za umeme. Mama anataka tuukate kichwa ili majani yasiendelee kuziba mifereji ya maji. Malipo ni shilingi 400,000, na bosi anataka tuufanye wiki ijayo. Nikamwambia tununue mikanda ya usalama, akajibu kwamba hiyo inachelewesha kazi na kwamba mimi nina damu ya ukwezi, siwezi kuanguka.

Mke wangu anataka niache kabisa. Mimi kazi nyingine siijui, na tuna watoto wawili. Naomba uniambie ukweli: niache? Na kama siachi, mwembe ule unakatwaje? Halafu ile kamba, bosi anasema niipige fundo pale ilipokatika niendelee nayo. Ni sawa?

Mkwezi wa Pangani

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza pole, na mpe pole mkeo, maana aliyeitundika kamba ile mlangoni alikuwa ameshaelewa kila kitu bila kuambiwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale uliposema msumeno ulikuwa mkono wa kulia na tawi mkono wa kushoto. Ajali yako imelala pale. Bahati mbaya haikuhusika, wala lile tawi la nyuma halina kosa.

Wewe ni mkwezi, na mkwezi ana desturi yake. Juu ya mnazi mkono mmoja ni wa mti na mmoja ni wa panga. Miguu imekanyaga vidato, goti limekumbatia shina, kiganja cha kushoto hakibanduki. Mwili wako umejifunza hivyo tangu darasa la tano, na umejifunza vizuri. Lakini chensoo inataka mikono yote miwili, wakati wote, na ukiipa yote miwili huna mkono wa kubaki kwenye mti. Ulipoona huna wa kujishikia, ukaupokonya msumeno mmoja. Wakwezi wengi walioingia kazi hii wanafanya hivyo hivyo, na wengine wameitoa roho yao kwa desturi hiyo hiyo iliyowalisha miaka ishirini.

Acha nikueleze kile kilichoruka. Mnyororo wa chensoo unakimbia mita 20 kwa sekunde, au zaidi. Kwenye mgongo wa upanga, lile bapa la chuma linalobeba mnyororo, unakwenda mbele, ukifika nchani unageuka kwenda chini. Pale unapogeukia, robo ya juu ya ncha, meno yakikutana na mti mgumu hayapati nafasi ya kula. Ile nguvu yote inausukuma upanga juu na nyuma, kuelekea uso, shingo na bega lako. Sisi tunaliita teke. Linakuja kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo usijidanganye kwamba utalikwepa.

Kinachokuokoa kimewekwa kwenye mashine tayari. Ule mpini wa mbele unashikwa kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kimezunguka chini yake kukutana na vingine. Mbele ya mkono huo kuna ngao ya plastiki. Msumeno ukipiga teke, mkono wako unagonga ngao na breki inakamata mnyororo. Sasa mkono wa kushoto ukiwa umeshika tawi, ngao inagongwa na nini? Nina hakika hata ile misumeno midogo yenye mpini juu, iliyotengenezwa kwa wapandaji waliofundishwa, imeua watu kwa sababu wepesi wake unamshawishi mtu akate kwa mkono mmoja. Ukiona kazi haikuruhusu kuushika kwa mikono miwili, uzime, uning'inize, utumie msumeno wa mkono. Ule uliopinda, unaokata ukivuta, unamaliza tawi la unene wa kifundo cha mkono kwa dakika moja. Kule juu nusu ya kazi yangu niliifanya kwa huo, na sikuwahi kusikia mteja akilalamika.

Basi kama mikono yote miwili iko kwenye msumeno, wewe unashikwa na nani? Unashikwa na kamba. Na kwa kuwa msumeno uleule unaweza kuikata kamba, kama ulivyoona, zinatakiwa mbili. Sheria hii usiivunje hata kwa kitawi kimoja cha mwisho: kabla ya kuwasha chensoo juu ya mti, uwe umefungwa sehemu mbili zisizotegemeana. Ya kwanza ni kamba kuu, inayopita kwenye panda imara juu ya kichwa chako na kurudi kwenye mkanda wako. Ya pili ni kamba fupi inayozunguka shina usawa wa kiuno, na hiyo uitafute yenye waya wa chuma ndani. Waya huo hauifanyi isikatike kabisa, lakini unakupa nafasi ambayo katani haikukupa.

Kamba ya kiunoni peke yake, hata ingekuwa mpya, ina ubaya mwingine ambao watu hawaufikirii. Inakuzuia usifike chini, lakini haikushushi. Ukiteleza inakubana mbavu na tumbo, pumzi inakata, na unabaki umening'inia kama nguo kwenye uzi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na mimi ngoma hiyo nimeiona kwa macho.

Ni miaka mingi sasa. Tulikuwa watu wanne tunaangusha mvinje karibu na pwani. Mwenzetu alikuwa juu kiasi cha mita 9, amejifunga kiunoni kama wewe. Msumeno ukamkata mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Akapiga kelele mara moja tu, kisha akalegea. Chini tulikuwa watatu wazima na wakati huo hakuna hata mmoja aliyejua kupanda. Ngazi tuliyokuwa nayo iliishia katikati ya mti. Nakumbuka damu ikidondoka kwenye majani makavu ya mvinje, tone, tone, na mimi nimeshika ngazi isiyofika. Alishushwa na mkwezi aliyeitwa kutoka shamba la jirani, mzee wa makamo, alipanda bila kuuliza malipo. Mwenzetu aliishi, lakini mkono ule haufungi ngumi hadi leo.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila mpandaji ni moja: ukiumia huko juu, nani anakufuata? Kwenye kikosi chenu jibu ni hakuna. Wewe ndiye unayejua kupanda na wewe ndiye uliye juu. Yule dogo anayevuta matawi, mfundishe. Mfundishe kupanda, mfundishe kukufikia, mfundishe kukushusha. Fanyeni mazoezi mkiwa mita 2 tu kutoka ardhini, wewe ujilegeze kabisa kama umezirai, yeye akutoe. Mtacheka mara ya kwanza, ya tatu mtakuwa mnafanya kwa dakika chache. Na dakika hizo ni chache kweli, maana mtu aliyezirai akining'inia wima kwenye mkanda bila kusogea damu hutuama miguuni na anaweza kufa hata kama hana jeraha. Siku ya kazi, kamba ya pili ya kupandia iwe imeshapitishwa mtini kabla hujaondoka chini. Bendeji nene ya kukandamiza jeraha ikae kwenye mkanda wako wewe, mfukoni, kwa sababu iliyoko kwenye gari haikusaidii ukiwa tawini. Na dogo awe na simu yenye salio, anajua jina la mtaa na mahali gari litakapopita. Namba ya Zimamoto ni 114.

Sasa vifaa. Najua hali ya mfuko, kwa hiyo nakupa mpangilio wa kununua. Anza na mkanda wa kukalia unaoshika mapaja na kiuno, pamoja na kamba ya kupandia. Baada ya hapo kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, miwani na vizuia sauti, maana chensoo inapita desibeli 100 na masikio yakishaondoka hayarudi. Halafu suruali ya chensoo. Hiyo ndani yake ina tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa, nyuzi zinatoka na kujisokota kwenye gia mpaka mashine inasimama. Kamba za kazi yetu zina unene wa milimita 11 hadi 13, na zilizopimwa huhimili zaidi ya kilo 2,000. Kwenye lebo tafuta maandishi EN 1891, alama ya kiwango cha Ulaya cha kamba za aina hii. Kamba ya mtumba usiinunue, hata ikiwa nzuri kama ya dukani. Hujui ilivuta gari gani lililokwama, wala ilimwagikiwa asidi ya betri lini.

Na katani? Mwanangu, mimi na wewe ni watu wa Tanga, katani ni yetu. Ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikapona safari, na kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yote uliyoyaona ukiwa mtoto kando ya barabara ya Muheza. Naiheshimu. Lakini uzi wake ni jani. Ukilowa na jasho na mvua, ukikauka juani, unaoza kuanzia ndani huku nje ukionekana mzima. Ifungue kamba ya katani uliyoifanyia kazi mwaka mmoja, uangalie moyoni mwake, utakuta unga. Ifunge mizigo, ifunge mbuzi, ivute matawi. Mtu isimbebe.

Utahitaji pia kujua fundo la kukupandisha na kukushusha. Anza na prusik, lililopewa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931. Unachukua kamba nyembamba kidogo kuliko kamba kuu, unaizungusha mara tatu. Ukiweka uzito inabana, ukiondoa uzito unaisogeza kwa mkono. Wewe mtoto wa mkwezi utalishika kwa siku moja. Lakini siku hiyo uwe umening'inia usawa ambao miguu yako inagusa nyasi.

Tuje kwenye mwembe wa mama mwalimu.

Kabla ya yote ni zile waya. Tawi bichi linapitisha umeme, na likiwa na umande au mvua ndiyo zaidi. Huhitaji kuugusa waya; inatosha tawi uliloshika liguse. Upande ule wa barabarani hampandi wala hamkati mpaka mama apeleke ombi TANESCO, waje wazime, na wewe uwaone kwa macho wakithibitisha pale pale kwamba umezimwa. Usikubali habari ya "nimeongea na fundi mmoja kasema watakata saa nne". Hata upande mwingine wa mti, wewe na msumeno wako na tawi unaloliangusha mkae mbali na waya kwa umbali usiopungua mita 3. Kama bosi wako hakubali kusubiri hilo, jibu la barua yako umeshalipata.

Pili, uchunguze mti ukiwa chini, taratibu, kuuzunguka mara mbili. Mwembe wa zamani mara nyingi una moyo uliooza. Angalia uyoga mgumu shinani, angalia matundu pale palipovunjika tawi zamani, gonga shina kwa mgongo wa shoka usikilize: mti mzima unajibu kwa sauti nzito iliyoshiba, wenye uwazi unalia kama ngoma. Panda utakayopitishia kamba kuu iwe nene kuliko paja lako na isiwe na ufa. Jaribuni kwanza kwa kuning'inia watu wawili chini yake kabla hujaitegemea peke yako juu. Na tafuta majimoto. Unawajua wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa mapakacha. Kwa mkulima wa maembe ni marafiki, wanakula wadudu waharibifu, lakini wakikuingia shingoni msumeno ukiwa unanguruma utaachia mkono bila kujua. Matawi yenye viota yatoe kwanza kwa msumeno wa mkono au kwa ufito mrefu, na wakikupata, zima mashine kwanza ndipo ujikung'ute. Utomvu wa mwembe nao unaunguza ngozi na macho, kwa hiyo mikono mirefu na miwani.

Tatu, usiukate kichwa. Hapa nitakuomba uongee na mama kwa adabu, yeye mwalimu ataelewa. Mti ukikatwa kichwa unaingia hofu, unatoa machipukizi mengi kwa mkupuo kutoka chini ya gome. Miaka miwili mitatu tu yanakuwa matawi, mengi kuliko ya mwanzo, na hayana mizizi ndani ya mti. Yameshikilia gome tu. Majani yatarudi kwenye mifereji, na safari hii yatakuja na matawi yenyewe juu ya bati. Anachohitaji mama ni kuondolewa matagaa yaliyolalia paa, na mengine kufupishwa hadi kwenye tawi dogo lililo hai litakaloendelea kuvuta maji. Usitoe zaidi ya robo ya majani yote kwa mara moja. Na ifanyike maembe yakishavunwa, atapata na matunda yake.

Kukata tagaa kubwa kuna mikato mitatu, na ndiyo inayotenganisha fundi na mharibifu. Mkato wa kwanza unaanzia chini ya tawi, sentimita 30 hivi kutoka shinani, unaingia robo ya unene na kuishia hapo kabla mti haujaubana upanga. Wa pili unatoka juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza kuelekea nje. Tawi linavunjika kwa usafi, halichani gome mpaka shinani. Linabaki gutu, na mkato wa tatu unaliondoa. Sasa tazama kwa karibu: pale tawi linapotoka shinani kuna uvimbe kama kola ya shati, gome limejikunja. Kata nje ya kola hiyo, usiiguse. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa urefu akaonyesha kwamba mti hauponi jeraha kama ngozi yetu inavyopona; unajenga kuta na kulifungia mbali. Kola ndiyo yenye kuta hizo. Ukikata kwa kubana na shina unaibomoa, ukiacha gutu refu unaacha mlango wa kuoza. Na usipake rangi wala lami, haisaidii.

Kwa kuwa chini kuna bati, matawi hayaangushwi, yanashushwa. Kipande cha mti mbichi chenye unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 1 kinakaribia kilo 70, na kikianguka kabla kamba haijakishika uzito wake unakuwa mara kadhaa ya huo. Kata vipande vidogo, funga kwanza, kata baadaye. Kamba ya kushushia si ile unayojifungia wewe. Ipite kwenye panda ya juu, ishuke, dogo aizungushe mara mbili au tatu kwenye tako la mti na kuachia taratibu. Msuguano wa gome unabeba uzito, si mikono yake. Asiizungushe kiganjani, na asisimame chini ya mzigo.

Msumeno wenyewe uwashwe chini, upate joto, uzimwe, ndipo upandishwe kwa kamba. Ukihama tawi, uzime au breki iwe imefungwa. Usikate juu ya usawa wa bega. Mnyororo uliotiwa makali kwa tupa ya duara unatema vipande kama vya chipsi. Ukianza kutema unga, shuka uutie makali, maana butu unakulazimisha kusukuma na anayesukuma anateleza. Mafuta changanya kama kitabu cha mashine kinavyosema. Nyingi za sasa ni mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli. Oili chafu ya gari kwenye mnyororo naichukia, inakurukia usoni na kwenye ngozi siku nzima, ila najua wengi mnaitumia.

Kuhusu kuacha kazi: mimi nasema usiache. Ukwezi wako ni kitu ambacho watu wanalipia mafunzo na hawakipati, ile hali ya mwili kutoogopa urefu. Kilichopungua ni kamba na mtu wa pili. Lakini mwembe huu wiki ijayo usiupande. Mwambie bosi unahitaji mwezi mmoja: vifaa, mazoezi na yule dogo, na ruhusa ya umeme. Mwambie kwa upole lakini umwambie na hili, kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na kwamba ukianguka kwenye ua wa mtu atakayeulizwa ni yeye mwenye kazi. Shilingi 400,000 ikigawanywa kwa mlivyo wewe unapata ngapi? Mama mwalimu unaweza kumwendea wewe mwenyewe. Mweleze kwa nini inachelewa. Mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote hatataka mtoto wa mwenzake afie uani kwake kwa ajili ya majani kwenye mfereji. Bosi akikataa kabisa, achana naye yeye, kazi ubaki nayo. Anza na msumeno wa mkono na miti midogo, ununue kifaa kimoja kimoja. Nimewaona walioanza hivyo.

Mkeo mpeleke siku ya mazoezi. Akae kivulini amwone dogo akikushusha. Usimwombe akuamini kwa maneno, amechoka na maneno.

Na ile kamba haiungwi. Kamba hukatikia pabovu, na fundo kwenye kamba nzima tu linaipunguzia nguvu, sembuse kwenye iliyoliwa na msumeno. Mwombe mkeo ruhusa, kwa sababu sasa ni yake, uishushe kwenye msumari. Ukate vipande vifupi, kila kimoja urefu wa mkono, usiache hata pima moja nzima. Kuna kijana mwingine anayepita mtaani kutafuta kamba ya kupandia, na akiikuta jalalani imekaa vizuri ataiokota.